Kidonda Kilichosindikiza Wageni

Muganga alichukua kile chuma chembamba chenye kichwa cha mviringo, akakiingiza polepole ndani ya kidonda cha papa yangu, uso ameuinamisha, hapumui. Mimi pia nilikuwa sipumui. Papa peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Mtu anachokonolewa kwa chuma ndani ya nyama ya mguu, halafu anakugeukia na kukuuliza kama umekunywa chai! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana angelia kwa maumivu ningejua kwamba mguu bado ni wake.

"Haijagusa mufupa," muganga akasema. "Lakini haiko mbali. Siku itagusa, haitakuwa kazi yangu tena. Nitaita docta wa kupasua."

"Apasue nini?" Niliuliza tu, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Akate, mama. Kidole, ao muguu. Yeye njo atajua fasi ya kukatia." Akavua glavu zake, akazitupa kwenye ndoo. "Nawapatia majuma matatu. Kila juma murudi niangalie."

Papa yangu alikuwa mchuuzi wa maharage. Miaka na miaka alikuwa anapanda hadi Kalengera kununua mzigo, anarudi Goma amekaa juu ya magunia, na akishuka hapo anatembea mji mzima kudai na kulipa. Ugonjwa wa sukari ulipomkuta, ulimla macho kidogo, kisha ukashuka miguuni ukazima hisia, bila kelele. Siku moja kijiwe cha uani kwetu, kile cheusi chenye meno, kiliingia ndani ya kiatu chake. Akatembea nacho siku nzima, sokoni, kwenye misa ya jioni, mpaka nyumbani. Shangazi, dada yake mjane anayekaa naye tangu mama yangu afariki, ndiye aliyeona soksi imelowa. "Hii damu ni ya nani?" papa akauliza. Alikuwa anauliza kwa dhati.

Hiyo ilikuwa miezi mitano kabla ya kile chuma. Miezi mitano tundu lenye upana wa kifuniko cha fanta, chini ya kidole gumba, halifungi! Katika Kiswahili cha vitabu ninavyofundishia, kidonda cha namna hiyo kinaitwa donda ndugu. Sijui nani alitunga jina hilo, lakini alikuwa amekiuguza. Kinaingia kwako, kinakula na wewe, kinalala na wewe, na hakisemi siku ya kuondoka.

Kazi ya kukiosha niliichukua mimi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, zamu ya mchana, kwa hiyo saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafika kwa papa, na saa tano nilipaswa kuondoka ili niwahi darasa. Muganga wa kituo cha afya, mtu wa Masisi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa isiyotetemeka, alinifundisha kama ninavyofundisha watoto wangu: anafanya, ninarudia, ninakosea, anafanya tena. Maji yachemshwe, yapoe kabisa, kisha chumvi kidogo. Mikono kwanza. Usimimine alkoli. Usipake kitu ambacho hakutoa yeye. Vidonge vya ugonjwa wa sukari papa ameze kwa saa, na chai anywe hivyo hivyo, chungu. Ile ngozi nyeupe ya ukingoni, ngumu kama ukoko wa ugali, ataikata mwenyewe kila juma kwa sababu inakandamiza nyama. Kitambaa cha ndani kiwe na unyevu kidogo, cha nje kikavu.

"Na hapa," akasema, akigonga unyayo wa papa kwa kidole, "hapa hapakanyagwi. Kila hatua ni kama unapiga kidonda ngumi. Papa, umesikia?"

Papa akacheka. Muganga hakucheka.

Neno lililotusumbua nyumbani ni kukauka. Kwetu hakuna anayeuliza kama kidonda kimepona. Wanauliza, "Kimekauka?" Tangu utotoni ukianguka unakalishwa juani ili goti likauke, likiota gamba basi, umepona, rudi kucheza. Nilimwuliza muganga kwa nini yeye ananifanya nikifunike kidonda kikiwa kibichi. "Gamba ni mulango," akaniambia. "Unafunga mulango, kumbe chini kunaoza. Mimi nataka chini kupande kwanza, kupande, kupande, mwisho ngozi ije yenyewe." Nyekundu ni nzuri, alisema. Njano ya kuteleza si nzuri. Ukiona nyeusi, ukisikia harufu, usingoje juma liishe, kimbia uje. Niliandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio, na usiku nikawa nayasoma kama sala.

Siku ya pili nilifungua kitambaa nikakuta unga. Shangazi alikuwa amefungua vile vidonge vya dukani vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, akamwaga unga wake wote ndani ya tundu. Ukagandamana na maji ya kidonda, ukawa saruji.

"Ili ikauke," akasema, bila wasiwasi wowote. "Kwa jirani wetu wa huku chini ilikauka."

"Ilikauka ao ilikatwa?" nikamwuliza. Jirani huyo tunamwona sote anavyotembea kwa magongo.

Mimi nina hasira za karibu, sitaficha. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kisha nikakaa chini saa nzima, namwagia maji kidogo kidogo, natoa ule unga chembe kwa chembe, jasho linaniingia machoni, na papa juu yangu ananiambia, "Polepole, mama, shangazi yako alitaka mema." Yesu wangu! Kila mtu alikuwa anataka mema, na mguu ulikuwa unakwenda.

Siku ya tatu nikaona kitu kingine. Upande wa chini wa kitambaa, pale pa unyayo, palikuwa peusi. Mchanga wa njiani, ule wa volkano, ulikuwa umejaa katika nyuzi. Nikauliza nani amemtembeza. Hakuna. Papa akasema ni vumbi tu la nyumba. Nikaangalia sakafu ya saruji ambayo shangazi anaipangusa mara mbili kwa siku: haikuwa na vumbi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, sina darasa, nikabaki. Saa nne wakaingia watu wa shirika la parokia, mama tisa na baba mmoja, wanaimba tangu mlangoni. Walileta fanta tatu na kilo moja ya sukari. Sukari! Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti, nikaenda kuificha. Wakasali sala ndefu, wakamtia moyo mgonjwa, wakainuka kwenda. Na papa yangu akainuka pia, akachukua fimbo.

"Papa, kaa."

"Ngoja kidogo nisindikize watu."

Akatoka nao. Kutoka mlangoni kwake mpaka barabara ni kama hatua mia, mawe matupu, na alizitembea zote, anacheka na huyu, anashikana mkono na yule, kidonda kikiwa chini yake. Kufika barabarani akasimama nao tena, maana kwetu maneno matamu ya ziara yanatoka pale wakati wa kuagana. Mgeni unayemwachia mlangoni aende peke yake, huyo umemfukuza. Hata mtoto anajua hivyo. Nami nilikuwa najua, ila sikuwahi kuhesabu ni wageni wangapi mtu anapata akiwa na kidonda. Walikuwa wanakuja kwa sababu ya kidonda, na kidonda kilikuwa hakiponi kwa sababu wanakuja.

Nilipasuka palepale barabarani, mbele ya shirika zima. Niliwaambia wanamwua papa yangu kwa sala zao. Yule baba akasema, "Mama, pole, hatukujua," na mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba elimu imeniharibu. Papa alirudi nyumbani bila kuniangalia. Jumapili nilishinda na kulala kwa papa, nikaweka amri: shangazi akae na kiti chake kwenye lango, anayekuja aambiwe muzee amelala, arudi mwezi ujao. Habari ikazunguka mtaani upesi sana. Mwalimu anafukuza wageni wa baba yake. Nikasema acha waseme, wakimaliza kusema mguu utakuwa bado upo.

Kumbe mchanga haukuisha. Jumatatu asubuhi kitambaa ni safi, Jumanne ni cheusi, Jumatano cheusi, chenye chembe za mawe ndani kabisa. Nikamgeukia shangazi. Nikamwambia anaingiza watu kwa nyuma nikishaondoka, anapenda fanta zao, anapenda wamsifu. Yule mama wa miaka zaidi ya sabini alitoa rozari kifuani, akaapa mbele yangu kwamba hajafungulia mtu yeyote. Sikumwamini. Nilimwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka uso unaniwaka.

Jumatano hiyo hiyo tukarudi kwa muganga tukiwa hatusemezani, watu watatu ndani ya teksi moja, kila mmoja na dirisha lake.

Aliingiza chuma. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona mahali chuma kilipofika, nilikuwa nimepakumbuka kama alama kwenye rula. Sasa kilipita pale. Kikazidi kushuka kidogo, kikasimama.

"Imerudi chini," muganga akasema. Alichukua kitambaa nilichovua, akakigeuza, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Chembe nyeusi zikaanguka, moja moja. "Papa, unaendaka wapi?"

"Siendi popote. Wageni, huyu mutoto aliwakataza."

"Na hii muchanga?"

"Ah, hiyo." Papa akanionyesha kwa kidevu. "Hiyo ni ya kumusindikiza yeye."

Mwanzoni sikuelewa anamsema nani. Niligeuka hata kuangalia nyuma yangu.

Habari hii sikuiandika hapo juu kwa sababu kweli sikuwa nimeiona. Kila siku saa tano nilikuwa nafunga mkoba wangu, nasema, "Papa, naenda," naye anachukua fimbo. Mimi mbele namsimulia vituko vya wanafunzi wangu, yeye nyuma yangu anacheka, fimbo inagonga mawe. Barabarani yeye ndiye anayenisimamishia pikipiki. Anamwangalia motari, yule dereva wake, usoni, anasoma namba iliyo mgongoni kwenye jile yake, kile kizibao cha kazi, anairudia kwa sauti, kisha ananiambia, panda. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote katika siku yangu. Na kitambaa kile alichokuwa anakanyagia nilikuwa nimekifunga kwa mikono yangu, muda mfupi tu nyuma, kwa upole wote, nikihesabu mizunguko. Nilikuwa nimewafungia lango watu wa shirika, majirani, hata binamu aliyetoka Butembo. Mimi mwenyewe nilikuwa napita.

Nikaangalia shangazi. Alikuwa anachezea rozari yake, wala hakuinua macho. Angeniambia neno lolote ingenisaidia.

"Papa," nikasema, na sauti ilikuwa inapanda, "mimi ni mutoto wako. Mimi si mugeni!"

"Njo maana," akajibu, bila haraka. "Mugeni nikimukosea, nitamuomba musamaha. Weye nikikukosa, nitaomba nani? Mambo ya siku hizi unayaona. Watu wanapanda moto, hizi pikipiki, na hawafiki. Kama sijaona ni nani amekubeba, nitakaa aje pale ndani?"

Muganga akauinamia mguu tena. Alikata ile ngozi ngumu ya ukingoni, akaosha, akafunga, akaandika kitu kwenye karatasi. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Juma moja, mama. Ikikanyagwa tena juma hii, chuma itagusa. Mimi sina dawa ya hiyo."

Papa aliahidi kukaa. Kesho yake nikasema naenda, akasema enda, na kabla sijafika barabarani nikasikia fimbo nyuma yangu. Nilimrudisha kwa nguvu, nimemshika chini ya mkono, tunagombana njia nzima, majirani wanachungulia. Aliniomba nimsamehe. Akasema miguu imeinuka yenyewe. Nami nilimwamini.

Basi nikaamua kuondoka bila kuaga. Viatu vyake nilivitia ndani ya mkoba wangu pamoja na madaftari ya wanafunzi, nikawa nakwenda navyo shule. Fimbo nilimpa shangazi aifunge kwenye kabati. Ikifika saa tano kasorobo nachukua beseni, nasema naenda kumwaga maji, natokea mlango wa jikoni, naliacha beseni ukutani, nazunguka nyuma ya nyumba. Nilikuwa natembea kwa ncha za vidole ili mawe yasilie. Mwanamke wa miaka arobaini, mwalimu, ananyemelea kutoka kwa baba yake kama mwizi wa kuku!

Siku ya kwanza tu aliniita. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya ukuta wa chumba chake. "Mama? Bado unamwanga maji?" Kisha kwa sauti kubwa, "Mama! Uko?" Mdomo wangu ulifunguka wenyewe ujibu, nikauziba kwa kiganja. Nikasikia kiti kikisukumwa, nikasikia shangazi akisema, kaa, kaka yangu, kaa, anakuja. Nikakimbia. Barabarani nilipanda pikipiki ya kwanza iliyopita, sikuangalia ni nani anayeiendesha, nikalia mpaka shuleni.

Kuanzia siku ya pili hakuniita tena. Hakunisalimu pia. Nikifika saa moja ananipa mguu, anageuza uso ukutani. Namwambia, "Papa, leo ni nyekundu, angalia," hanijibu. Namwambia ile njano imepungua, hanijibu. Nilikuwa naosha huku nasema peke yangu kama mwendawazimu. Moyoni nilijiambia anichukie tu, anichukie akiwa na miguu miwili. Lakini ilikuwa inaniuma sana, na usiku nilikuwa naamka kumwuliza mume wangu kama nafanya vizuri.

Asubuhi kitambaa kilikuwa safi kila siku. Hakuna hata chembe moja.

Siku ya chuma ilipofika, nilishika ukingo wa kitanda cha muganga mpaka vidole vikafa ganzi. Chuma kikaingia. Nilitafuta ile alama yangu. Hakikuifikia. Muganga akakizungusha upande huu, upande ule, akakitoa, akakifuta.

"Iko naishia mu nyama," akasema. "Nyama mupya." Na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Haifungi kesho, wala mwezi kesho. Lakini docta wa kukata hatuna kazi naye."

Shangazi akapiga kigelegele mle mle chumbani, wagonjwa wa nje wakageuka. Nikamkumbatia nikamwomba msamaha wa ile rozari, akaniambia ninyamaze, nisiharibu siku. Papa alikuwa anaangalia mguu wake kama mtu anayetazama mzigo wa mwingine.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha, nikaweka mguu juu ya stuli, nikapiga goti kukaza kitambaa kilicholegea njiani.

"Papa, umesikia? Muguu ni wako."

"Nimesikia. Aksanti." Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu baada ya siku tano. Akangoja nimalize kufunga fundo. "Lakini umekuwa unanitoka bila neno. Hata maiti watu wanaiaga, mama."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika, hasira naijua, ningemjibu. Nililaza kichwa juu ya goti lake nikalia bila haya, na sikumwomba msamaha kwa ajili ya mguu, maana mguu ningeufanyia vile vile hata kesho. Nilimwomba kwa siku ile aliyoniita nikakimbia. Mkono wake ukakaa kichwani kwangu, mzito.

Saa tano ilipofika nilisimama mbele yake, karibu, ili anione vizuri na yale macho yake.

"Papa, naenda."

Alishika kiti kwa mikono miwili. Mabega yakapanda, ule mguu mzima, usio na kidonda, ukajikaza sakafuni, mishipa ya shingo ikamsimama. Nilimwacha. Sikusema kaa, sikumgusa.

"Enda, mama," akasema, na akabaki ameketi.